Telefone mbili, bei mbili: mambo mapya ya WhatsApp na kazi ya koperative



Siku moja ya sezoni ya kahawa, kando ya Ziwa Kivu, wamama wawili walisimama kwenye mustari mbele ya kipimo. Wote wawili walibeba serizi nyekundu ndani ya beseni, wote wawili walitoka kilima kimoja. Wa kwanza akaonyesha telefone yake: ujumbe wa jeran, uliotumwa asubuhi mapema katika grupe ya koperative, na bei ya kilo. Wa pili naye akafungua telefone: jeran yule yule, ujumbe ule ule, lakini bei ya chini. Pale pale makelele ikaanza. Mumoja akaitwa mwongo. Mwingine, nyuma katika mustari, akasema kwa sauti kama jeran anakula franga ya watu. Magazinye akabaki na biki mukononi, hakujua aandike bei gani kwenye kaye.

Serizi hazingoji. Kila mulimaji wa kahawa anajua: ukizivuna leo, zinapashwa kumenywa kwa mashini leo leo. Bila hivi zinaanza kuchacha, na harufu ile itabaki mpaka ndani ya kikombe cha munywaji. Kwa hiyo ugomvi wa saa mbili mbele ya kipimo si ugomvi wa maneno tu. Ni mali ya watu inayoharibika kwenye jua.

Nilikuwa pale kwa kazi ya jarida hii, na nilidumu mpaka jambo likaeleweka. Ukweli ulikuwa mudogo kabisa. Asubuhi jeran alikosea kidole, akaandika tarakimu moja isiyo yake. Dakika kumi kiisha akaona kosa, akarekebisha ujumbe ule ule. Hii inawezekana tangu Mai 2023: WhatsApp inakuachia dakika 15 kisha kutuma ili ubadilishe maneno yako. Mama wa kwanza alipokea ujumbe nyumbani, ambako rezo iko, kiisha akashuka bondeni kuvuna, na bondeni rezo hakuna. Marekebisho hayakumufikia. Mama wa pili alifungua telefone yake baadaye, akakuta bei mupya tu. Kando ya ujumbe wake kulikuwa neno dogo la kuonyesha kama umebadilishwa. Lakini nani anaangalia neno dogo vile, asubuhi, na beseni kichwani?

Basi hakuna aliyesema uongo. Jeran alifanya vizuri kurekebisha, wamama wote wawili walisoma kile walichotumiwa. Hata hivyo siku ile uaminifu ulivunjika kidogo. Komite iliamua kulipa bei ya juu kwa wote waliofika na serizi siku ile, na tofauti ikatoka katika kesye ya koperative. Ile franga ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kutengeneza meza za kuanikia kahawa.

Nimeanza na habari hii kwa sababu koperative nyingi tunazozitembelea zimeshafanya WhatsApp kuwa biro yao bila kuamua. Hakuna mukutano uliosema "kuanzia leo matangazo yetu yatapita huku." Kijana mumoja alifungua grupe, akaingiza watu, na leo bei, tarehe za mikutano, picha za bordero za banki, hata matanga na ndoa, vyote vinapita pale. Na biro ile inabadilishwa kila mara na watu walio mbali, ambao hawatuulizi. Unalala, unaamuka, kuna kitufe kipya.

Tuko lokatere

Mashirika makubwa yako na nyumba yao ya ndani katika intaneti, ambamo wafanyakazi peke yao wanaingia: wanakuta matangazo, fomu za konje, raporo, majina ya wakubwa na kazi zao. Koperative ya walimaji haina franga ya kujenga nyumba kama ile, na haina haja ya kuona haya juu yake. Hata wenye franga wanapangisha. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilifungua katika Oktoba 2016 nyumba ya namna hii kwa makampuni, iliyoitwa Workplace. Kati ya wa kwanza kuingia kulikuwa shirika la Oxfam, ambalo wengi wetu tunalijua kwa kazi ya maji. Kiisha, katika Mai 2024, Meta ikatangaza kama itaifunga. Wateja wakapewa mupaka wa mwisho wa Agosti 2025 kuitumia kama kawaida. Kutoka pale ni kusoma tu na kuondoa vitu vyao, kabla ya kufutwa.

Kama mashirika yenye mafundi wa kompyuta wanaweza kuambiwa wafungashe mizigo, sisi pia. Sisemi tuache WhatsApp. Nasema kwamba tunaishi ndani kama lokatere, na lokatere mwenye akili hafichi mihuri ya familia ndani ya ukuta wa nyumba ya mwingine. Daftari ya wanamemba, fishi za kipimo, proses-verbal za mikutano: vitu hivi vikae kwenye karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa koperative. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo nchi yetu imo tangu Septemba 2012, inadai rejista ya wanamemba. Haijui grupe ya WhatsApp.

Na tusisahau kwamba nyumba inaweza kufungwa hata bila mwenye nyumba kutaka. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika nchi yote kwa karibu siku makumi mbili, mpaka Januari 2019. Koperative iliyokuwa na namba za wanamemba wake ndani ya telefone peke yake, ilibaki na ukimya.

Jumuiya, na mahali pa kutangaza

Sasa tuje kwa vitu vipya vyenyewe. Sitavitaja vyote, vingine ni vya vijana na picha zao.

Kilicho na faida kubwa kwa koperative ni kile WhatsApp inaita Jumuiya, kwa Kifaransa Communautés, ambacho kilitoka katika Novemba 2022. Mbele yake, grupe moja ilikuwa ya wote: walimaji wa vilima vyote, jeran, agronome, na yule mutu anayetuma video za maombi saa kumi ya usiku. Wakati ule ule grupe moja ilianza kuweza kubeba watu mpaka 1024, na kwa kweli hii ilizidisha fujo tu. Jumuiya inafanya kazi nyingine. Inaweka grupe mbalimbali chini ya paa moja: grupe ya kila sekta au kila kituo cha kupimia, grupe ya komite, grupe ya wamama wa akiba, na juu yao mahali pamoja pa matangazo, ambapo admini ndiye anatangaza.

Kwa kazi yetu hii ni karibu sawa na ubao wa koperative. Bei inatangazwa mara moja, inafika sekta zote. Mabishano ya sekta ya juu hayafikii sekta ya chini. Na kuna jambo lingine ambalo wamama wengi walifurahia tulipowaeleza: katika jumuiya, namba yako haionekani kwa kila mutu. Wanaiona admini na wale mulio nao katika grupe moja. Wamama walizoea kupokea telefone za usiku kutoka kwa wababa wasiowajua, waliotoa namba zao katika grupe kubwa.

Lakini angalia nani anajenga paa lile. Anayefungua grupe anabaki na nguvu ambayo wengine hawawezi kumunyanganya: hata admini wengine hawawezi kumutoa. Tumeona mahali ambapo sekretere wa zamani, aliyetolewa na mukutano mukuu kwa haki, bado ndiye mwenye grupe, na kila ujumbe wa komite mupya unapita mbele ya macho yake. Ilibidi wafungue grupe ingine na kuita watu mumoja kwa mumoja. Basi nunueni karte SIM ya koperative, iandikwe kwa utaratibu, ikae katika telefone ya koperative, na namba ile ndiyo ifungue kila kitu. Jeran akiondoka, anaacha telefone mezani pamoja na funguo za depo. Na muweke admini wa pili na wa tatu. Mumoja wao atoke katika komite ya uangalizi, kwa sababu yule anayechunguza kazi anapashwa kuona matangazo yanavyotumwa na yanavyofutwa.

Kufuta, ndiyo. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mutu yeyote katika grupe, na grupe itaona kama admini ndiye amefuta. Ni dawa nzuri kwa matusi na kwa uongo wa kutia watu woga. Ni sumu pia. Memba akiuliza juu ya franga ya ristourne, na ujumbe wake ukapotea, watu watahesabu dakika mpaka wajue nani. Nilisikia prezida mumoja akijitetea kama alifuta "juu ya amani." Labda. Mimi naona prezida anayefuta swali la franga anajichimbia shimo, hata kama kesye yake ni safi.

Kipini

Kuna kitu kidogo kilichokuja mwisho wa 2023, ambacho ningependa kila koperative ikijue: kubandika ujumbe juu ya grupe. Unaubonyeza, unachagua kuubandika, na unachagua muda: saa 24, siku saba, au siku 30. Mwanzo ilikuwa ujumbe mumoja. Tangu Machi 2024 inaweza kufika mitatu. Unakaa juu, kama karatasi iliyopigwa musumari mulangoni. Mutu akiingia kisha siku mbili za kukosa moto wa telefone, hapandi na kushuka katika odio mia mbili. Anaona: bei ya juma hili, siku ya mukutano, namba ya telefone ya agronome. Mitatu inatosha.

Kwa odio sina furaha kama hiyo. Wazee wetu wanazipenda, kwa sababu hazidai kusoma, na wako na haki. Lakini odio ya dakika nne juu ya ugonjwa wa mihogo haitafutiki. Kisha juma moja hakuna anayejua ilikuwa wapi. Katika Novemba 2024 WhatsApp ilileta njia ya kugeuza odio kuwa maandishi. Ilipoanza, Kiswahili hakikuwemo. Kwa hiyo bado ni kazi ya sekretere: odio ikiisha, anaandika chini yake mistari miwili. "Agronome anasema: ngoeni mimea yenye majani ya mabaka, musipande miti iliyotoka kwake." Ni kazi ya dakika moja, na inaokoa shamba.

Na kitu kimoja cha kuzima leo: ujumbe unaojifuta wenyewe. Kinaweza kuwekwa kwa saa 24, siku saba au siku 90. Vijana wanakipenda juu ya siri zao, na mwenye telefone ndogo anakipenda kwa kuokoa nafasi. Katika grupe ya koperative kinafuta ushuhuda. Kama picha ya fishi ya kipimo iko pale tu, kisha siku 90 fishi haiko tena, na sezoni ya malipo ya mwisho ndiyo inafika. Katika maelezo ya grupe, admini anaweza kuamua kama wote wanaweza kubadilisha mipango hii au wao peke yao. Wekeni admini peke yao.

Kura ya telefone si kura ya mukutano

Hapa ndipo naomba musome polepole.

Pamoja na jumuiya, katika Novemba 2022, ilikuja pia sondaje: unaandika swali, unaweka majibu mpaka kumi na mawili, watu wanabonyeza. Kwa kujua siku gani inafaa kwa kufagia kituo cha kusafisha kahawa, hakuna kitu kizuri zaidi. Wanamemba makumi nane wanajibu mbele ya jua kutua.

Lakini tumekuta koperative inayotaka kuitumia kwa kuchagua komite. Wanasema inapunguza gharama: hakuna kulisha watu, hakuna transporti. Ninaelewa uzito wa gharama ile. Hata hivyo, hesabuni pamoja nami. Sheria ya koperative inasema memba mumoja, kura moja. Sondaje inasema telefone moja, kura moja. Chukueni mfano wa sekta yenye wanamemba 60, wamama 30 na wababa 30. Wababa 25 wako na telefone ya kisasa. Wamama wenye nayo ni 8, na wengine wanatumia ile ya bwana yao ikiwa imebaki nyumbani. Kura zikihesabiwa ni 33. Sauti za wababa ni tatu juu ya moja, na hakuna hata mumoja aliyeiba. Wamama wale 22 ni wanamemba, walilipa sehemu zao, wanabeba serizi migongoni, na komite itachaguliwa bila wao. Mwenye namba mbili naye anaweza kupiga mara mbili, kama namba zote ziko katika grupe.

Na kuna siri. Katika sondaje ya kawaida, kila mutu katika grupe anaweza kubonyeza na kuona majina ya waliochagua hili na waliochagua lile. Kijana gani atabonyeza jina la mushindani wa prezida, wakati prezida ndiye anasaini avansi ya sezoni? Kwa mambo ya watu na ya franga, karatasi ikunjwe, itiwe ndani ya kikapo, ihesabiwe mbele ya wote. Tumieni sondaje kwa kujua watu wangapi watakuja, ili mujue masufuria mangapi ya kupika.

Juu ya usalama

Neno fupi, kwa sababu wengi wenu munaishi mahali ambapo hii haielezwi sana. Siku na njia ya kubeba franga kutoka mujini isiandikwe katika grupe, hata ya komite. Vile vile majina ya waliolipwa na kiasi cha kila mumoja. Tangu Aprili 2025 kuna mupango katika maelezo ya grupe unaozuia watu kutoa mazungumzo yote nje au picha kujiweka zenyewe ndani ya telefone. Uwasheni. Lakini hauzuii mutu kupiga picha ya ekran na telefone ingine, wala mutu mwenye silaha kukuambia "fungua nione." Kile kisichoandikwa hakiwezi kusomwa barabarani.

Picha na video zijifungue tu mutu akizibonyeza; hii ni katika mipango ya telefone, upande wa akiba na data. Mega zinakatika kwa video za vichekesho, kiisha siku ya tangazo la bei mutu hana kitu.

Ile koperative leo

Nilirudi kwenye koperative ya wale wamama wawili miezi michache baadaye. Walikuwa wameketi katika mukutano na kuandika masharti yao, karatasi moja, na muhuri. Bei iliyokwisha kutumwa hairekebishwi tena katika ujumbe ule ule: kama kuna kosa, jeran anatuma ujumbe mupya unaosema "ya kwanza ilikosewa", na wa kwanza unabaki ili watu waone. Bei inatangazwa magaribi, haitangazwi asubuhi tena, ili mwenye kushuka bondeni aijue mbele ya kulala. Mukuu wa kila sekta anaipeleka kwa mudomo kwa wasio na telefone, na anaandika majina yao aliowafikia.

Na mbele ya kipimo kuna ubao mweusi, chaki, bei ya siku, saa ilipoandikwa, na sinyature ya magazinye. Kati ya ubao na telefone, ubao ndio unalipa. Mama wa kwanza, yule wa beseni na bei ya juu, ndiye mukutano ulimuchagua aangalie ubao na kupiga kengele kama chaki na kaye havilingani. Siku niliyofika aliutazama, akautazama kaye, akanionyesha kwa kidevu kama mambo ni sawa, akaendelea kumwaga serizi zake.

Bado hawajapatana juu ya jambo moja: nani analipa mega za wakuu wa sekta. Jeran anasema iwe kazi ya kujitolea. Wakuu wa sekta wanasema mutu hawezi kujitolea vokale kila magaribi, sezoni nzima, na inite inatoka katika mufuko wa watoto. Komite ya uangalizi imeomba swali hili liwekwe katika mukutano mukuu ujao, pamoja na hesabu ya forfe za mwezi kwa sekta zote, iliyoandikwa kwenye karatasi.